Mtoto Anachemka: Mwongozo Kamili wa Homa Kali kwa Mlezi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi au dada anayelea mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Nimeuandika kwa sababu kila msimu wa mvua naliona kosa lile lile. Mtoto anachemka jioni. Anapewa panadol ya maji, anatoka jasho, analala. Asubuhi mwili umepoa, mama anashukuru Mungu na kwenda shambani. Jioni mtoto anachemka tena, anapewa tena. Siku ya tatu anafikishwa zahanati shingo imelegea, viganja vimekuwa vyeupe, hataki titi.

Mama huyo hakuzembea. Alitibu joto akidhani ametibu ugonjwa. Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita panadol, hushusha joto tu. Haigusi malaria, haigusi nimonia, haigusi maambukizi ya mkojo. Kwa hiyo katika hatua zilizo hapa chini, kushusha joto ni kazi ya njiani. Mwisho wa safari ni mtoto kupimwa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini, na ni mama. Mwanangu wa kwanza alipata degedege mikononi mwangu akiwa na miezi 11. Nitalieleza hilo mahali pake.

## Andaa vitu hivi leo, mtoto akiwa mzima

Viweke vyote kwenye mfuko mmoja, mahali ambapo hata bibi anaweza kuupata gizani.

- Kipimajoto cha kidijitali, kile chenye ncha na kioo cha namba. Kinapatikana famasi na kwenye baadhi ya maduka ya dawa muhimu.
- Panadol ya maji ya watoto yenye miligramu 120 au 125 katika kila mililita 5. Soma ubavu wa chupa kabla ya kulipa, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe.
- Kadi ya kliniki ya mtoto.
- Kalamu na karatasi.
- Namba za simu za bodaboda wawili, si mmoja. Wa kwanza akiwa mbali, unampigia wa pili.
- Nauli iliyofungwa peke yake. Kwa mujibu wa sera, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali hayalipiwi, lakini pikipiki ya saa nane usiku inalipiwa.

## Hatua ya 1: Mwangalie mtoto kabla ya kugusa dawa

Dakika mbili zinatosha. Unatafuta sababu ya kuacha hatua zote zinazofuata na kuondoka sasa hivi.

Ondoka mara moja ikiwa:

- Ana umri wa chini ya miezi 3. Kwa umri huu usimpe panadol nyumbani bila kuambiwa na mhudumu. Kichanga anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu bila dalili nyingine yoyote zaidi ya joto. Mwili wake kupoa sana, chini ya 35.5, nako ni hatari ile ile.
- Hawezi kunyonya, au ananyonya mara mbili tatu na kuachia.
- Anatapika kila kitu.
- Amepata degedege, hata kama limeisha.
- Amelegea, haamki vizuri, hakutazami.
- Anapumua kwa shida, kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa.
- Utosi umevimba, au shingo imekakamaa.
- Viganja na nyayo ni vyeupe, macho yamekuwa ya njano, au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi.

Hesabu pumzi pia. Mfunue tumbo akiwa ametulia, uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika 1 nzima ukitazama saa. Kuanzia miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa chini ya miezi 2, ni 60 au zaidi.

Kama ni kichanga na huna usafiri, piga 115. Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Njiani mweke kifuani kwako na uendelee kumpa titi kama anaweza kunyonya.

Usipoona hata moja kati ya hayo, nenda hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Pima joto, andika

Kama mtoto alikuwa amebebwa mgongoni juani, au ametoka kuoga, subiri dakika 15 kwanza. Mtoto aliyefungwa kanga mgongoni mchana wa Mtwara huwa na moto ambao si homa.

Futa jasho kwapani. Weka ncha ya kipimajoto katikati ya kwapa, igusane na ngozi na si nguo, kisha ubane mkono wake ubavuni. Usikitoe mpaka kilie. Wengi hukitoa mapema kwa sababu mtoto analia, wakapata 36.8 ya uongo.

Kuanzia 37.5 ni homa. Kuanzia 38.5 ni homa kali. Andika saa na namba: "Saa 2 usiku, 38.9." Karatasi hii utaishukuru mbele ya daktari.

Huna kipimajoto? Weka mgongo wa mkono wako tumboni au shingoni kwa mtoto. Usiamini mikono na miguu yake, kwa sababu homa inapopanda huwa ya baridi huku tumbo linawaka. Na bibi akisema mtoto ana moto, usibishane naye. Mkono wake umeshika watoto wengi. Hauwezi kukwambia ni moto kiasi gani, lakini unatosha kukufanya uende kupima.

## Hatua ya 3: Mpunguzie nguo

Hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia. Mtoto miguu yake ni baridi, anatetemeka kidogo, na kila aliyepo anataka kumfunika: sweta, kofia ya sufu, blanketi, juu yake kanga mbili. Joto linakosa pa kutokea, linapanda.

Mvue, abaki na nepi na fulana moja nyepesi. Fungua dirisha. Chandarua kibaki palepale. Akitetemeka, mfunike kanga moja nyepesi mpaka kutetemeka kuishe, halafu iondoe. Najua Newala na kule juu uwandani usiku wa mwezi wa saba kuna baridi ya kweli. Huko shuka moja na soksi ni sawa. Blanketi mbili hapana.

Usimwogeshe maji ya baridi, wala usimpake spiriti. Maji ya baridi hufanya mishipa ya ngozi ijifunge na mwili utetemeke, na kutetemeka kunatengeneza joto zaidi ndani. Spiriti hupenya ngozi ya mtoto na kuvutwa kwa pumzi. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye shingo na makwapa kinaweza kumpa raha, basi. Akilia au akitetemeka, acha.

## Hatua ya 4: Titi, mara kwa mara

Homa hukausha maji mwilini. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, kidogo kidogo. Chini ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanatosha. Usianze kumpa maji kwa sababu ya homa. Aliyezidi miezi 6 ongeza maji safi na uji mwepesi.

Angalia nepi. Ikipita saa 6 bila mkojo, au utosi umedidimia, au analia bila machozi, maji yamepungua. Nenda kituoni.

Msimu wa kuokota korosho, mama anatoka alfajiri na mtoto anabaki na bibi. Siku ambayo mtoto ana homa, mpango huo usifanyike. Korosho iliyoanguka itasubiri mpaka kesho.

## Hatua ya 5: Panadol ya maji, kwa uzito

Mpe ikiwa joto ni 38.5 au zaidi, au kama halijafika huko lakini mtoto anateseka. Mtoto mwenye 38 anayecheza na kunyonya hahitaji dawa ya joto. Anahitaji kupimwa tu.

Kosa kubwa hapa ni kijiko. Kijiko cha chai cha jikoni kwako si sawa na cha jirani, na "kijiko kimoja" kwa mtoto wa kilo 5 si sawa na kwa mtoto wa kilo 10. Chukua kadi ya kliniki, tafuta uzito wa mwisho ulioandikwa, kisha tumia kanuni hii:

Nusu mililita kwa kila kilo 1 ya uzito, kwa dawa yenye mg 120 au mg 125 katika mililita 5.

Kilo 6 ni mililita 3. Kilo 8 ni mililita 4. Kilo 10 ni mililita 5. Kadi ikisema 7.2, ni 3.6, vuta bomba mpaka juu kidogo ya katikati ya 3 na 4.

Chupa ikisema mg 250 katika mililita 5, kanuni hii itampa dawa maradufu. Dawa ya matone nayo huwa nzito zaidi. Kama namba ya chupa yako si 120 wala 125, muulize mfamasia akuhesabie kwa uzito.

Jinsi ya kumpa: mpakate akiwa amekaa wima kidogo. Ingiza ncha ya bomba pembeni, kati ya shavu na fizi, usielekeze kooni. Sukuma kidogo, subiri ameze, sukuma tena. Usimbane pua ili ameze. Dawa inaweza kuingia mapafuni.

Andika saa. Usirudie kabla ya saa 6 kupita, na usizidishe mara 4 katika saa 24. Akiitapika papo hapo unaweza kurudia mara 1. Akitapika na hiyo, usijaribu tena, ondoka kwenda kituoni.

Tahadhari nyingine, na hizi nazikuta majumbani:

Robo ya kidonge cha mg 500 kilichokatwa kwa wembe ni kama mg 125. Kwa mtoto wa kilo 5 hiyo ni mara mbili ya anachohitaji, na wembe hautoi robo nne zinazolingana. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na ini haliumi mapema ili ujue.

Dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli ndani yake. Ukimpa dawa ya mafua na panadol kwa pamoja, umempa dozi mbili.

Aspirini ni marufuku kwa mtoto. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya wakubwa, usimpe. Antibiotiki iliyobaki ya kaka yake usimpe, wala mseto (dawa ya malaria) uliobaki.

Dalili ya kufanikiwa: baada ya saa moja hivi joto limeshuka, tuseme kutoka 39.2 hadi 38.1, mtoto anakutazama na ananyonya. Si lazima lirudi 36.5.

## Hatua ya 6: Nenda ukapime, hata kama amepoa

Hii ndiyo hatua inayorukwa.

Nilifika nyumba moja upande wa Nanyamba. Bibi amempakata mjukuu barazani, mtoto anacheka. Nikamwambia mama ajiandae twende zahanati.

"Mwanangu, mbona kapoa huyu?" bibi akauliza.

"Shikamoo bibi. Kapoa kwa panadol. Ikiisha nguvu, moto utarudi, na kama ni malaria itakuwa imepata usiku mzima wa kuongezeka."

Akanyamaza, akamshika mtoto shingo, akamrudishia mama. Kipimo kilionyesha malaria.

Mikoa yetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini. Kwa mtoto mdogo malaria inaweza kutoka homa ya kawaida hadi kali ndani ya siku moja au mbili: damu inapungua, sukari inashuka, ubongo unaguswa. Kwa hiyo kila homa ya mtoto ipimwe ndani ya saa 24 tangu ilipoanza.

Kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi ngazi ya zahanati. Usiku, au ukiona mtoto amekuwa mweupe na huenda akahitaji damu, lenga kituo cha afya kikubwa au hospitali: ya wilaya yako, au Ligula kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi mjini, Ndanda kwa walio upande wa Masasi, Nyangao kwa walio upande wa Mtama. Barabara yako ikiwa hukatika mvua ikinyesha, usingoje jioni. Ondoka wakati inapitika.

Ukifika, sema kutoka kwenye karatasi: umri na uzito, homa ilianza saa ngapi, joto la juu kabisa ulilopima, dawa uliyompa na saa uliyompa, ananyonya au hanyonyi. Usifiche dawa ya kienyeji. Muuguzi akikaripia, vumilia, mwambie ukweli, maana dawa nyingine zikikutana na za hospitali zinamdhuru mtoto.

Kidole kitachomwa, tone la damu litawekwa kwenye kile kibao cheupe, na majibu husomwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Omba uonyeshwe. Mstari kwenye C peke yake: hakuna malaria. Mistari miwili, C na T: ana malaria, hata kama wa T umefifia. Hakuna mstari kwenye C: kipimo kimeharibika, kirudiwe.

## Hatua ya 7: Baada ya majibu

Ana malaria isiyo kali. Atapewa dawa mseto, ALu. Kwa uzito wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu. Aliye chini ya kilo 5, daktari ndiye anayeamua.

Dozi hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika kwa sababu mara nyingi huangukia usiku. Weka kengele kwenye simu. Ponda kidonge kwenye kijiko, changanya na maji kidogo au maziwa uliyokamua, mpe, kisha mnyonyeshe. Mafuta yaliyo kwenye maziwa husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa, mpe nyingine, urudi kuomba kidonge cha kufidia. Vidonge viishe vyote hata akiwa anacheza.

Hana malaria. Usidai mseto. Omba asikilizwe kifua, aangaliwe masikio na koo, apimwe mkojo. Kama alichanjwa jana au juzi, ile ya wiki 6, 10 au 14, homa ndogo ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Lakini chanjo haizuii malaria kuwepo siku hiyo hiyo, kwa hiyo kupima bado kuna maana.

Meno yakiota mtoto hudondosha mate na kusumbua. Hayaleti 39. Na akitokea mtu kukwambia ana "meno ya plastiki" ya kung'olewa, au kimeo cha kukatwa, mchukue mwanao uondoke hapo. Nimeona mtoto aliyevuja damu na kupata maambukizi ya fizi juu ya malaria iliyokuwa ikimwua.

## Degedege likija

Kwangu lilikuja saa tano usiku. Macho yalipanda juu, taya ikakaza, mkono wa kushoto ukaanza kupiga kwa mpigo, kisha mwili mzima. Jirani alikuja mbio na kijiko ili amfungue meno. Nilimzuia, na hadi leo nashukuru nilijua.

1. Mlaze chini kwa ubavu, mahali laini, kichwa kikiinama kidogo ili mate na matapishi yatoke.
2. Tazama saa. Hofu huifanya dakika 1 kuwa kama nusu saa, na daktari atakuuliza.
3. Legeza nguo. Ondoa vitu vigumu karibu naye.
4. Usiweke chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si dawa, si maji. Kijiko huvunja fizi, maji huingia mapafuni.
5. Usimkandamize kuzuia kutetemeka.
6. Mwite bodaboda wakati huo huo. Likizidi dakika 5, ondoka naye akiwa amelazwa ubavu. Likiisha mapema, ondoka pia, usiku huo huo.

Sasa suala la sindano. Wapo kwetu wanaoamini kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo afukizwe kwanza, apelekwe kwa mganga kwanza. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Watu wameona watoto waliofikishwa hospitali siku ya tatu wakiwa hawajitambui, wakachomwa, wakafa. Malaria ilikuwa imeshafika kichwani, na sindano ndiyo iliyoonekana ya mwisho. Sindano hiyo, artesuneti, ndiyo inayookoa watoto hawa, na kila saa ya kufukiza ni saa ambayo hajaipata. Mwanangu alichomwa. Mwaka huu ameanza darasa la tatu.

Zahanati ikitaka kumwekea mtoto dawa kwa njia ya haja kubwa kabla ya rufaa, kubali. Ni artesuneti hiyo hiyo, inampa muda wa kufika hospitali. Si tiba kamili; baada yake lazima muondoke.

## Hatua ya 8: Siku mbili zinazofuata

Pima joto asubuhi, mchana na jioni, uandike. Kwa aliyepewa mseto, joto linatakiwa kuwa limeanza kushuka lenyewe kufikia siku ya pili au ya tatu, bila kulazimishwa na panadol.

Rudi kituoni baada ya siku 2 ikiwa homa ipo bado, hata kama uliambiwa hana malaria. Rudi saa hiyo hiyo ikitokea dalili yoyote ya hatua ya 1. Usihame duka la dawa kwa duka la dawa. Rudi kwa aliyempima na karatasi yako.

Akipona, osha bomba kwa maji ya moto na sabuni, lianike. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Rudisha kadi kwenye mfuko, na nauli uliyotumia ijaze wiki hiyo hiyo.